Chumba Kimoja Kilichoezekwa

Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Temeke, Dar es Salaam

 

Nimetoka nyumbani Chamazi mapema, nikapata kiti cha dirishani kwenye daladala, nikaanza kuhesabu mapagale. Nilipofika thelathini nikaacha, na bado hatujaikamata Barabara ya Kilwa. Kuta zimesimama hadi kwenye linta, hazina bati, ndani mmeota mipapai. Mengine yana miaka zaidi ya kumi pale pale. Nilikuwa nikiyatazama nikijiambia: hili ni mshahara wa mwalimu, lile ni mafao ya askari mstaafu, lile pale ni upatu wa mama anayeuza samaki Feri. Fedha ipo, imesimama, inanyeshewa mvua.

Mlinialika nizungumze juu ya mtu wa kipato kidogo kuwekeza katika nyumba za kupangisha: apate wapi fedha, na akishajenga aendesheje. Nitayagusa yote mawili. Lakini neno langu leo ni moja, nalo linatoka kwenye yale mapagale. Sisi tunahesabu shilingi, hatuhesabu miezi. Mtu atakwambia kwa usahihi kabisa tofali limemgharimu kiasi gani, nondo kiasi gani, fundi kiasi gani. Muulize fedha hiyo imekaa miezi mingapi bila kumrudishia hata senti, hana jibu.

Na mimi nilikuwa hivyo. Mwaka 2009, nikiwa bado nafundisha, nilichimba msingi wa vyumba sita. Vyumba sita kwa mpigo, kwa sababu ramani ilikuwa ya vyumba sita na nilitaka nyumba iliyo kamili. Kila mwisho wa mwezi nilinunua kitu: mifuko mitano ya saruji, lori la mchanga, nondo nne. Mwaka 2012 kuta zilikuwa zimefika kwenye linta pande zote. Hapo pumzi ikakata. Watoto waliingia sekondari, mama akaugua, nyumba ikasimama miaka mitatu. Nondo zilizochomoza juu zikashika kutu. Matofali ya juu yakaanza kulika kwa mvua. Kokoto nilizoacha mbele ya uwanja zilikwisha kidogo kidogo, na hakuna jirani aliyeona nani alizichota.

Mwaka 2015 nilimwita fundi aje aangalie kama ukuta bado unafaa. Akazunguka, akagonga kwa nyundo hapa na pale, akanawa mikono, akaniambia: "Mwalimu, samahani kwa nitakachosema. Hii nyumba ukiisubiri yote, atakuja kuimalizia mwanao. Niruhusu nipaue chumba hiki cha pembeni peke yake. Nikuwekee mlango, dirisha, choo chake. Mpangaji aingie, akusaidie vile vingine."

Niliona aibu ya chumba kimoja chenye bati katikati ya pagale. Nilimwambia watu watanicheka. Akajibu, "Watacheka mwezi mmoja." Tukapaua. Baada ya wiki saba aliingia muuguzi, binti mmoja mpole sana, na taa ya kwanza ikawaka ndani ya kuta zilizokaa gizani miaka sita.

Sasa tulifanye jambo hili kwa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za mtaa wake. Tuchukue mtu mwenye kiwanja tayari, anayeweza kutenga shilingi 400,000 kwa mwezi. Anataka vyumba vinne, kila kimoja na choo chake ndani, na kila kimoja kitamgharimu shilingi milioni 8. Jumla milioni 32. Akijenga vyote sambamba, kama tulivyozoea, atatumia miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8, kabla mpangaji wa kwanza hajaweka godoro lake ndani.

Huyo huyo, kwa fedha ile ile, ajenge chumba kimoja kimoja. Cha kwanza kinakwisha miezi 20. Kinapangishwa kwa 100,000. Tukiondoa gharama zote, ambazo nitazitaja baadaye, kinamwachia kama 68,000 kwa mwezi. Sasa anajenga kwa 468,000, na chumba cha pili kinakwisha miezi 17. Cha tatu miezi 15. Cha nne miezi 13. Jumla miezi 65. Amemaliza miezi 15 mapema kuliko mwenzake, kwa mshahara ule ule, bila mkopo wa mtu yeyote. Na mwaka atakaougua mzazi, kama nilivyouguliwa mimi, kuna vyumba vitakavyoendelea kuleta kitu wakati mshahara unakwenda hospitali.

Najua pingamizi lake, na ni la kweli. Chumba cha kwanza ni ghali kuliko vinavyofuata, kwa sababu ndicho kinachobeba shimo la choo, kuvuta umeme na kuunganisha maji. Ongezeni miezi mitatu au minne, bado yuko mbele. Muhimu ni kumwambia fundi tangu siku ya kwanza, ili msingi upangwe kwa nyumba nzima, shimo lichimbwe kwa wapangaji wanne, na matofali yaachwe yamechomoza pale ukuta ujao utakapoungana. Ukimwambia baadaye, utabomoa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mji huu umejengwa hivyo. Tazameni nyumba ya Kiswahili, zile chache zilizobaki Kariakoo, Ilala na Magomeni. Baraza mbele, ukumbi unapita katikati hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na huko uani jiko, choo, pengine na banda la vyumba vingine. Mwenyewe alikaa chumba cha mbele, vingine vikapangishwa. Ilianza kwa miti na udongo, juu makuti au madebe yaliyofumuliwa. Mwaka huu ikapata bati, mwaka mwingine sakafu ya saruji, mwingine ukuta wa mbele ukajengwa kwa tofali. Watu wakiwa ndani wakati wote huo. Nyumba ilikuwa inafanya kazi huku inakua. Wajane wengi wa mji huu walilea watoto kwa vyumba vile, na hawakuwa na ramani wala mkopo wa benki. Tuliichukulia nyumba ile kuwa ya kizamani, tukaiacha pamoja na akili yake.

Tuje kwenye benki, maana ndilo swali lililoandikwa kwenye barua yenu ya mwaliko.

Nchi hii ilikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973 ili mtu wa kawaida apate mkopo wa kujengea. Ilikufa mwaka 1995. Ikafuata miaka mingi ambayo mkopo wa nyumba ulikuwa jambo la kusikia tu. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kukopesha kwa miaka mingi. Ni hatua nzuri, naiheshimu. Hata hivyo mikopo ya nyumba nchini mwetu bado haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Wengi wetu tuliomo humu tunajenga kwa mkopo wa mshahara, kwa SACCOS, kwa vikoba na kwa upatu.

Turudi kwa vyumba vyetu vinne. Tuseme kiwanja kilikuwa milioni 8, kwa hiyo jumla ya mtaji ni milioni 40. Pango la mwaka mzima ni milioni 4.8. Ondoa mwezi mmoja kwa kila chumba, kwa sababu wapangaji huhama na chumba hukaa wazi: 400,000. Ondoa matengenezo, 480,000. Gari la kunyonya maji taka mara mbili, 200,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU, 18,000. Na kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango ulilopokea, 440,000. Unabaki na 3,262,000. Gawanya kwa mtaji wako: ni kama asilimia 8 kwa mwaka.

Asilimia 8, ndugu zangu. Riba ya mikopo ya benki zetu kwa kawaida imekuwa asilimia 15 au 16. Ukikopa zile milioni 32 za ujenzi kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni zaidi ya milioni 5. Pango lote la vyumba vinne, vikiwa vimejaa bila mwezi hata mmoja kulala, ni milioni 4.8. Hapo bado hujarudisha hata shilingi moja ya deni lenyewe. Anayekuja kukwambia "kopa ujenge, mpangaji atalipa mkopo" hajakaa chini na kalamu.

Na wapo watakaouliza, basi kwa nini tujenge? Mwaka 2022 hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa inatoa asilimia 12.56, na unaweza kuingia kwa shilingi milioni moja, bila fundi na bila choo kuziba. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba pango hupanda kadiri bei za vitu zinavyopanda, na kiwanja kilichochaguliwa vizuri hukua thamani mji unapokifuata. Riba ya hatifungani haipandi. Lakini swali hilo linatufundisha kitu kingine: shilingi inayosubiri kujengewa isilale kwenye matofali. Iweke kwenye akiba yako hapa chamani, au kwenye mifuko ya pamoja kama ule wa Umoja wa UTT ulioanza mwaka 2005, hadi itakapotosha kumaliza hatua nzima. Najua kwa nini tunakimbilia kununua tofali. Fedha iliyo mkononi ina ndugu wengi, na tofali haliombwi. Naielewa hofu hiyo, nimeiishi. Ila saruji inayokaa stoo huganda, na tofali linalokaa nje huliwa na mvua, na vyote viwili havikuongezei kitu.

Mkopo una mahali pake, na ni padogo. Tuseme chumba kimefika kwenye linta, kinahitaji milioni 3 za bati, plasta, mlango na umeme. Ukikopa hizo milioni 3 kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza haizidi 480,000. Chumba kinakuletea 816,000 baada ya gharama zote. Fedha hii ya mwisho inaziamsha milioni 5 zilizokuwa zimelala ukutani. Mkopo ule ule ukiuchukua wakati wa kuchimba msingi, unaanza kulipa riba mwezi ujao kwa ajili ya shimo. Kwa hiyo kamati yenu ya mikopo ikinisikiliza, ikopeshe kwa bati, isikopeshe kwa msingi. Mwanachama aje na picha ya ukuta uliofika kwenye linta, ndipo mzungumze. Na marejesho yapangwe kutoka kwenye mshahara au biashara yake, chumba kikae kama msaada tu.

Kwa ghorofa sitasema mengi, si fungu la mtu mdogo. Ila nasikia wapo wanaotaka kuongeza chumba cha juu kwenye msingi uliopangwa kwa nyumba ya chini. Machi 2013 jengo lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya mji huu, likaua watu 36. Msiguse ghorofa bila mhandisi na bila kibali cha manispaa.

Sasa mpangaji ameingia. Kosa kubwa la wenye nyumba wadogo halifanyiki wakati wa ujenzi. Linafanyika siku wanapopokea kodi ya miezi sita.

Huku kwetu tunatumia neno moja, kodi, kwa anacholipa mpangaji na kwa anachodai TRA, mamlaka ya mapato. Ndiyo maana mimi nimezoea kusema pango kwa kile cha mpangaji. Nikisema pango, nakumbuka kwamba ndani yake mna kodi ya serikali. Tangu mwaka 2005, sheria ya zamani ya kudhibiti pango ilipofutwa, bei na muda wa kulipa ni makubaliano ya pande mbili, na desturi ya mji imekuwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Mpangaji anakuja na 600,000 taslimu. Unazihesabu, unamkabidhi ufunguo, jioni ile ile unanunua kabati.

Fedha ile bado si yako. Siku ile umepokea deni: umemuahidi mtu siku 180 za kulala chini ya bati lako, na hujampa hata moja. Bomba likipasuka mwezi wa nne, utalitengeneza kwa fedha gani? Hapo ndipo unamsikia mwenye nyumba akimkasirikia mpangaji anayedai choo chake kitengenezwe. Hasira ile inatoka kwenye kabati.

Yule muuguzi aliponilipa miezi sita, nilifungua daftari la shule, kurasa 96, nikachora mistari sita. Kila tarehe mosi nilijiruhusu kuchukua pango la mwezi mmoja. Fungu la kwanza lilikwenda kwenye kodi ya serikali, la pili kwenye matengenezo, lililobaki ndilo la kujengea chumba kinachofuata. Nikaukata mstari mmoja. Mwezi wa tano koki ya bafuni ikaharibika, ikatengenezwa siku ile ile. Alikaa miaka minne. Miaka minne bila mwezi hata mmoja chumba kulala wazi! Hiyo ni faida kubwa kuliko kumpandishia 10,000 akahama.

Umeme: kila mpangaji na mita yake. Hata kama inakuchelewesha miezi miwili, subiri. Nimesuluhisha ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga, na mwingi ulikuwa wa LUKU ya kuchangia: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hakuchanga. Maji yakigawanywa kwa vichwa, iandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajahamia. Mkataba uwe wa maandishi hata kama mpangaji ni mtoto wa rafiki yako, na risiti itoke kila mara. Mpangaji akishindwa kulipa, msimfungie kufuli wala kumtolea vyombo nje. Kuna Baraza la Kata kwa usuluhishi na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa hukumu. Ni njia ndefu, inachosha, lakini aliyefungiwa kufuli anaweza kukushinda hata kama anadaiwa.

Nimalizie na karatasi, nanyi mniwie radhi nikizungumza kwa uchungu kidogo. Ardhi ya nchi hii, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba yetu sote. Unachonunua ni haki ya kuikalia, kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo karatasi si kiambatanisho cha kiwanja. Karatasi ndiyo kiwanja. Kabla hujatoa shilingi, nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi ujue jina la nani limeandikwa na kama kuna deni juu yake. Kama eneo halijapimwa, waulize majirani wa pande zote nne wakuoneshe mipaka, wakati muuzaji hayupo. Na kama ni nyumba ya familia, mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi. Bila ridhaa hiyo, mauzo au rehani ya nyumba ya ndoa yanaweza kubatilishwa. Rafiki yangu alipoteza akiba ya miaka tisa kwa kuamini saini moja.

Na katika hati zenu wenyewe, wekeni majina kamili ya wote wawili mliojenga pamoja. Jirani yangu alifiwa na mumewe mwaka juzi. Wana vyumba vitano vya kupangisha. Jina kwenye hati ni la marehemu peke yake, mikataba ya wapangaji haikuwahi kuandikwa, na hakuna aliyejua nani amelipa hadi lini. Wapangaji wawili walimwambia walikuwa wamemlipa marehemu mwaka mzima siku chache kabla hajafa. Mirathi iko mahakamani hadi leo, na yule mama, aliyebeba maji ya kuchanganyia zege kwa kichwa chake, anaomba ruhusa ya shemeji zake kubadilisha bati lililotoboka.

Daftari la namna ile nimekuja nalo. Sasa ni la nne, na kwenye jalada la ndani mume wangu na watoto wote wawili wameandika majina yao na kutia saini kwamba wanajua kulisoma. Liko hapa mezani. Atakayetaka kuona jinsi mistari inavyochorwa, aje tu tutakapokuwa tunakunywa chai.